Nafasi ya utafiti wa uzamili kwenye umwagiliaji: pima maji kwanza, barua baadaye

Profesa wa umwagiliaji anayetafuta mwanafunzi hupokea barua pepe nyingi zinazofanana. Mwombaji ana shauku ya maji na kilimo, ana GPA nzuri, anaomba ufadhili. Jambo analotaka kulijua profesa halimo: huyu akikabidhiwa mita, geji ya presha na shamba lenye tope, ataleta namba za kuaminika? Ukijibu swali hilo kwa ukurasa mmoja wa vipimo ulivyochukua kwa mikono yako, umeshawatangulia wengi wenye alama nzuri kuliko zako. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia shambani, na fomu za maombi zinakuja baadaye.

Umwagiliaji wa vipimo ni kuupa mmea maji kwa kiasi, mahali na wakati unaojulikana. Unaweza kuwa pivoti ya Nebraska, yaani bomba refu la magurudumu linalozunguka nguzo ya katikati, inayozunguka hekta 50 na kubadilisha kiasi cha maji kipande kwa kipande, au ekari moja ya nyanya Ilula yenye tangi na mipira ya matone. Hesabu ya msingi ni ileile.

Kipimo cha kuanzia: usawa wa matone

Tafuta shamba lolote la matone ambalo mwenyewe atakuruhusu kwa asubuhi moja. Unahitaji chupa za maji 16 zilizokatwa vichwa, silinda ya kupimia ya mililita 250, geji ya presha ya hadi bar 2.5 pamoja na kiungio cha T, simu yenye saa ya sekunde, daftari na penseli. Penseli, si kalamu ya wino. Karatasi italowa tu.

Chagua eneo moja linalofunguliwa kwa koki moja. Ndani yake chukua mipira minne: wa kwanza, ulio theluthi ya njia, ulio theluthi mbili, na wa mwisho. Katika kila mpira chagua matundu manne kwa utaratibu huohuo. Yachague kwa kuhesabu hatua, wala usiyaangalie kwanza, kwa maana macho yana tabia ya kuokota matundu yanayotoa vizuri. Fungua maji, subiri hadi hewa yote itoke na presha itulie. Kwenye mipira mirefu hiyo inaweza kuchukua dakika 10 au zaidi.

Huwezi kuweka chupa 16 kwa mpigo mmoja. Ziweke moja baada ya nyingine kila baada ya sekunde 15, kisha uziondoe kwa mpangilio uleule na kwa mwendo uleule, ili kila chupa ikae dakika 6 kamili. Kuna hitilafu ndogo inayoharibu kipimo hiki mara nyingi: tone halidondoki pale tundu lilipo, bali linatambaa chini ya mpira na kuangukia pembeni mwa chupa. Funga uzi kuuzunguka mpira kila upande wa tundu. Tone likifika kwenye uzi, linashuka.

Tuseme umepata mililita hizi, mpira wa kwanza hadi wa nne:

158, 155, 150, 146
156, 152, 149, 141
154, 150, 144, 128
151, 146, 133, 94

Jumla ni 2,307, wastani 144.2. Robo ya chini kabisa ni matundu manne: 94, 128, 133 na 141, yenye wastani wa 124. Gawanya 124 kwa 144.2, unapata usawa wa asilimia 86. Asilimia 90 na kuendelea ni bora sana, 80 hadi 90 ni nzuri, chini ya 70 mkulima anamwagilia sehemu moja kupita kiasi ili nyingine isife.

Ukiishia kwenye asilimia 86 umefanya kazi ya fundi, na hiyo haitoshi. Mtafiti anauliza kwa nini lile tundu la mwisho limetoa 94. Presha mwanzoni ilikuwa bar 1.0, mwishoni 0.8. Kwa matundu ya kawaida yasiyojirekebisha, maji hufuata kipeuo cha pili cha presha, na kipeuo cha pili cha 0.8 ni 0.89. Basi presha peke yake inaeleza upungufu wa kama asilimia 11. Lakini 94 ni pungufu ya 158 kwa asilimia 40. Kilichobaki ni kuziba: mchanga, mwani, chokaa au chuma kilichoganda. Pima matundu mawili ya jirani. Yakiwa mazuri, tundu limeziba. Yakiwa dhaifu pia, rudi kwenye presha, na utazame pia kama mpira umekunjamana mahali. Fungua chujio uone kama wavu umechanika. Mwisho wa mpira fungua kifuniko, maji yatoke kwa dakika mbili kwenye ndoo nyeupe, upige picha ya rangi yake. Picha hiyo ya ndoo inaeleza mengi kuliko aya nzima.

Kisha geuza namba kuwa saa za kumwagilia. Mililita 144.2 kwa dakika 6 ni lita 1.44 kwa saa. Mipira ikiachana mita 1.2 na matundu sentimita 30, kila tundu linahudumia mita za mraba 0.36. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kama hewa ya siku hiyo inadai milimita 5 kwa majani ya marejeo (nyasi fupi zinazotumika kulinganishia mazao mengine), na nyanya iliyokomaa ina kizidishi cha 1.15, inahitaji milimita 5.75, yaani lita 2.07 kwa kila tundu. Hiyo ni saa 1 na dakika 26. Ukigawanya kwa usawa wa 0.86, inakuwa saa 1 na dakika 40. Dakika hizo 14 za ziada, kila siku, ndizo gharama ya mpira usio na usawa, na unaweza kuzigeuza kuwa lita za dizeli.

Kama hakuna matone, kuna mfereji

Skimu nyingi za Afrika Mashariki ni za mifereji, na wengi wanaoandika kuzihusu hawajawahi kupima mtiririko wake. Kata bati nene kwa umbo la V lenye pembe ya digrii 90, lisimamishe wima kabisa katikati ya mfereji mdogo, ziba pembeni kwa udongo wa mfinyanzi. Kina cha maji juu ya ncha ya V, kwa mita, ukikipandisha kwa kipeo cha 2.5 na kukizidisha kwa 1.37, kinatoa mita za ujazo kwa sekunde. Kina cha sentimita 10 ni lita 4.3 kwa sekunde. Kina cha sentimita 11 ni lita 5.5.

Tazama tofauti hiyo: umekosea sentimita moja, umekosea zaidi ya robo ya maji yote. Ndiyo maana rula haiwekwi kwenye bati lenyewe, ambako uso wa maji umeshainama, bali nyuma yake kwa umbali usiopungua mara nne ya kina. Maji lazima yaanguke huru upande wa pili. Mfereji ukijaa hadi kulifikia V kutoka chini, fomula imekufa, na siku hiyo andika "haikupimika" badala ya kubuni. Safu yenye nafasi tatu zilizoachwa wazi kwa sababu zilizoelezwa inaaminika kuliko safu iliyojaa tele.

Udongo, na vihisio vinavyodanganya

Kihisio chochote cha unyevu kinahitaji kulinganishwa na njia ya kale: pete ya sentimita za ujazo 100, mizani na jiko. Pigilia pete, kata juu na chini, pima, kausha kwa nyuzi 105 kwa saa 24, pima tena. Gramu 169 zikishuka hadi 138, umepoteza gramu 31 za maji. Unyevu ni asilimia 31 kwa ujazo, na uzito wa udongo ni gramu 1.38 kwa sentimita ya ujazo. Uzito wa pete utoe kwanza, wanafunzi husahau.

Vile vihisio vya bei ndogo vya uma mbili zisizofunikwa huliwa na kutu haraka kwenye udongo wenye mbolea. Vya kapasita ni afadhali, lakini kingo za kibao chake hunywa maji: zipake rangi ya kucha mara mbili na zikauke kabla ya kuzika. Hata hivyo adui mkubwa ni nafasi ya hewa. Ukichimba shimo pana, ukakiweka kihisio na kufukia kwa mkono, kinasoma hewa kwa wiki nzima, kisha mvua ikinyesha maji yanatiririkia humo na kinasoma bwawa. Toboa tundu jembamba, mimina uji wa udongo uleule, kisukume ndani. Tensiomita nayo, inayopima kwa kilopaskali jinsi udongo unavyoyashikilia maji (namba hupanda udongo ukikauka), husoma vizuri hadi karibu kilopaskali 80; baada ya hapo huingiwa na hewa na mshale hurudi chini kana kwamba shamba limeloa. Asiyejua huandika kwamba mvua imenyesha.

Kuna kifaa kimoja kinachofaa kukijua kwa sababu kimetumika kwetu: Chameleon, kilichobuniwa na Richard Stirzaker wa CSIRO, shirika la utafiti wa sayansi la Australia. Badala ya namba kinaonyesha rangi: buluu ni chini ya kilopaskali 20, kijani ni 20 hadi 50, nyekundu ni zaidi. Wakulima wa skimu ya Kiwere, Iringa, wamekitumia katika mradi wa utafiti uliohusisha pia Msumbiji na Zimbabwe. Ukimwandikia mtu wa fani hii huku ukiwa mtu wa Iringa na hukijui, atashangaa.

Kutoka kipimo hadi swali

"Kuongeza ufanisi wa matumizi ya maji katika kilimo cha nyanya" si swali, ni kichwa cha habari. Swali lina jambo linalobadilishwa, jambo linalopimwa, na sababu ya kutojua jibu kabla ya kuanza. Kwa mfano: je, kusafisha mipira kwa klorini kila wiki mbili kunarudisha usawa kwa kiasi gani pale maji ya kisima yana chuma? Au: je, mkulima anayeangalia rangi tu anamwagilia tofauti na anayepewa saa za kumwagilia kutoka hali ya hewa?

Ukitaka swali kubwa zaidi, liko Usangu. Tangu miaka ya 1990 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Jibu la haraka ni kuboresha skimu za juu zisipoteze maji. Lakini maji "yanayopotea" kwenye jaruba la juu mara nyingi hurudi mtoni au humwagilia jaruba la chini. Mkulima anayeokoa maji kwa matone naye haachi yaende, anaongeza ekari. Kwa hiyo ufanisi wa shamba unaweza kupanda huku mto ukizidi kukauka. Mwombaji anayeujua mtego huu, na anayeweza kusema angepima nini ili kuutenganisha, husomwa mara mbili.

Hapa watu wa satelaiti nao hujikwaa. Satelaiti ya Sentinel-2 inaona kwa vipande vya mita 10 kwa 10. Viploti vyako vya mita 5 kwa 5 haivioni kamwe. Ekari moja ina vipande kama 40, na vya ukingoni vimechanganyika na njia na miti ya jirani. Joto la mimea kutoka Landsat hupimwa kwa vipande vya mita 100, yaani hekta nzima. Picha hizo zinafaa pivoti za Galana Kulalu au skimu nzima ya Mwea. Bustani ya mkulima mdogo haziwezi kuitenga. Data za WaPOR za FAO, za maji yanayotumiwa na mimea kama yanavyokadiriwa kwa satelaiti, hupatikana bure, nazo ni nzuri kwa bonde na skimu. Na masika kuna mawingu.

Jaribio linaloishi hadi mwisho

Pendekezo la kawaida ni viwango vitatu vya maji, asilimia 100, 80 na 60, kwa marudio manne. Viploti 12, kazi ndogo, inapendeza. Tatizo ni kwamba hesabu ya takwimu inabakiwa na digrii huru 6 tu za makosa, yaani taarifa chache mno za kutenganisha athari ya maji na bahati, na kiploti kimoja kikiliwa na panya huna kitu cha kusema. Viwango vinne kwa marudio matano vinatoa 12. Ni viploti 20, lakini utalala.

Kila kiploti kiwe na koki yake na mita yake. Mita za nyumbani za nusu inchi hutosha, ila zijue tabia. Kiploti chenye matundu 64 ya lita 1.44 kinapitisha lita 92 kwa saa. Mita ya kawaida ya daraja B, chini ya lita 120 kwa saa, inaruhusiwa kukosea hadi asilimia 5. Ukilinganisha asilimia 100 na 80, kosa hilo ni robo ya tofauti unayoitafuta. Ijaribu kila mita kwa ndoo ya lita 20 kwa mtiririko huohuo. Inachukua dakika 13 kila moja, na inakupa kizidishi chake.

Panga mabloku kukata mteremko. Acha mita 1 hadi 1.5 kati ya viploti ili maji yasitambae. Vuna mistari ya katikati tu. Mimea yote ipewe maji kamili kwa wiki mbili tatu za mwanzo hadi ishike, ndipo viwango vianze; ukianza kuinyima mapema, unapima vifo vya miche badala ya ukame.

Kalenda ndiyo inayowaangusha wengi. Morogoro masika hushika Machi hadi Mei. Jaribio la kunyima maji linatakiwa liwe ardhini Juni, livunwe kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Pendekezo likipitishwa Agosti, vihisio vikikaa bandarini mwezi mzima, umepoteza msimu, na kwa uzamili wa miaka miwili hiyo maana yake ni mwaka wa tatu usio na fedha. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma: mbegu Juni, vifaa Aprili, pendekezo Februari.

Fedha zilipo

Fedha nyingi za uzamili katika fani hii hazitangazwi kama ufadhili wa wanafunzi. Ziko ndani ya mradi wa mhadhiri. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika kwa ajili ya kilimo wenye makao Kampala, imekuwa ikitoa ruzuku kwa mhadhiri wa chuo mwanachama, naye anachukua wanafunzi wa uzamili. Tangazo hubandikwa idarani, hukaa siku chache, linaondoka. Kwa hiyo swali la kumuuliza mhadhiri wa SUA, JKUAT, Egerton, Makerere au Taasisi ya Nelson Mandela Arusha si "mna ufadhili?" bali "mradi upi unaanza mwaka huu, na una nafasi za wanafunzi?" Hapa nyumbani usiandike barua pepe ukakaa. Nenda ofisini asubuhi, toa shikamoo, sema shida yako kwa dakika tatu, acha ukurasa wako wa vipimo mezani. Ukirudi wiki ya pili atakukumbuka kwa ukurasa, si kwa jina.

Kwa kanda, DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, lina ufadhili wa kusoma ndani ya nchi au nchi jirani kwenye vyuo ilivyovichagua. Umoja wa Afrika unagharamia wanafunzi katika chuo chake cha maji na nishati kilichopo Tlemcen, Algeria. Huko Uholanzi, IHE Delft hufundisha maji peke yake, na lazima kwanza ukubaliwe na chuo ndipo milango mingi ya ufadhili ifunguke. Wageningen ina utaratibu wa uzamivu unaoanza kule, unaendelea na kazi ya shamba nyumbani, na kumalizia kule. Unamfaa mwenye ajira chuoni au kwenye taasisi ya utafiti, kwa sababu mwajiri hutakiwa kukuachia.

Marekani utaratibu ni mwingine. Mwanafunzi wa uzamili mara nyingi huajiriwa kama msaidizi wa utafiti, nusu ya wiki, yaani saa 20, ambazo ndizo kikomo cha viza ya mwanafunzi, F-1, wakati wa masomo. Chagua chuo kwa tatizo la maji lililoko pale, jina lisikuvute. Nebraska ndiyo yenye ardhi kubwa zaidi ya umwagiliaji nchini humo, na pivoti, ambayo Frank Zybach aliipatia hataza mwaka 1952, ndiyo sura ya mashamba yake. Chuo chake kikuu kina taasisi ya Daugherty ya maji na chakula. Kansas na kaskazini mwa Texas wanachota Ogallala, akiba ya maji ya chini ya ardhi inayoshuka, kwa hiyo huko utafiti mwingi ni wa kuishi na maji pungufu. Bushland, Texas, kuna mizani kubwa za udongo zinazopima mmea unachonywa kwa uzito. California ina mtandao wa vituo vya hali ya hewa, CIMIS, tangu 1982. Georgia wana mvua nyingi na mchanga, na ndiko pivoti za kubadilisha kiasi zilikofanyiwa kazi mapema. Jimbo la Washington ni tufaha, zabibu na matone. Mtu wa Moshi anayetaka kurudi kwenye kahawa na ndizi atajifunza zaidi kwenye matone ya bustani za miti kuliko kwenye mahindi ya pivoti.

Barua yenyewe

Iandike Septemba au Oktoba kwa masomo ya Agosti inayofuata. Madirisha mengi hufungwa kati ya Desemba na Januari. Kwa Kiingereza, maneno yasiyozidi 200. Adabu yetu ya kumjulia hali mtu, familia na afya yake iache hapa. Kule inaonekana kama barua ya matapeli. Mpangilio ni huu:

"Dkt. (jina la ukoo),

Nina shahada ya uhandisi wa umwagiliaji na rasilimali za maji, SUA, GPA 3.9/5.0. Mwezi Agosti nilipima usawa wa matone katika ekari moja ya nyanya huko Ilula, Iringa: matundu 16, usawa asilimia 86, presha bar 1.0 mwanzoni na 0.8 mwishoni. Presha inaeleza kama asilimia 11 ya upungufu. Tundu baya kuliko yote lilipungua asilimia 40, na matundu ya jirani yalionyesha kuwa limeziba. Mchoro wa ukurasa mmoja nimeuambatanisha.

Katika makala yenu ya mwaka jana vihisio viliwekwa sentimita 30 peke yake. Je, ratiba ya maji ingebadilika kama kingekuwapo cha sentimita 60? Ningependa kulifanyia kazi swali la namna hii katika uzamili kuanzia Agosti.

Je, mnatarajia kuwa na nafasi ya msaidizi wa utafiti? Kama hamna, nitashukuru mkinielekeza kwa mwenzenu anayehitaji mtu."

Swali la aya ya pili lazima litoke kwenye makala uliyoisoma hadi sehemu ya mbinu. Ukilibuni, atajua. GPA iandike kwa kipimo chake, 3.9/5.0, usiigeuze mwenyewe kuwa ya 4.0, kwa kuwa chuo kina watu wa kazi hiyo, na namba mbili zisizolingana kwenye faili huzua maswali. Ambatanisha wasifu wa kurasa mbili, matokeo ya mitihani na mchoro, basi. Faili moja la PDF, jina lako ndani ya jina la faili. Usipojibiwa, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha endelea na mwingine. Barua 15 zilizoandikwa kila moja kwa mtu wake zinazaa kuliko 150 za kunakili. Na maprofesa wa idara moja huonyeshana barua, hivyo usiwaandikie watatu siku moja.

Akikuita kwenye mazungumzo ya video, ataiuliza ile 94. Uwe na daftari karibu, lenye tope na yote. Wewe nawe uliza: mkataba ni wa miezi 9 au 12? Ada inafutwa yote, au kuna michango ya chuo inayobaki kwangu? Bima ya afya nani analipa? Mradi una fedha hadi mwaka gani? Swali hilo la mwisho si utovu wa adabu. Mradi unaoisha katikati ya shahada yako utakuhamishia kwenye kufundisha madarasa, au mlangoni.

Makaratasi

Vyuo vingi vinataka TOEFL au IELTS hata kama umesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza; wapo wanaokubali barua ya chuo chako kuthibitisha lugha ya kufundishia, kwa hiyo uliza kabla hujalipia mtihani. GRE, mtihani wa kuingilia uzamili Marekani, idara nyingi zimeiacha. Ada ya maombi mara nyingine husamehewa profesa akikuombea, lakini hataomba usipomwambia.

Ukikubaliwa Marekani, chuo kinatuma fomu ya I-20 ya kuombea viza, na barua ya ajira ya msaidizi ndiyo uthibitisho wa fedha. Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, hulipwa kabla ya usaili wa ubalozi. Masharti ya viza kwa kila nchi yamekuwa yakibadilika kwa amri za ghafla, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi wiki hiyohiyo unayotaka kulipa. Maneno ya kundi la WhatsApp yasikutoe fedha. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na ombi moja la ndani ya kanda sambamba na la ng'ambo.

Ukifanyia kazi ya shamba Kenya, leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, inahitajika hata kwa raia. Tanzania, mwanafunzi wa chuo cha ndani huanza na kibali cha chuo chake, anayetoka chuo cha nje anapitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kisha barua inashuka mkoa, wilaya, kata hadi ofisi ya skimu. Tenga miezi miwili. Kuchota maji ya mto kwa jaribio kunahusu bodi ya maji ya bonde, na chama cha wamwagiliaji wana zamu zao: kiploti chako kisiwe sababu ya mtu wa mwisho wa mfereji kukosa zamu ya Alhamisi. Andikianeni mapema nani atamiliki data, na mkulima atapewa nakala gani.

Na ukiondoka kwenda kusoma, usibebe udongo wa shamba lako kwenye begi, hata gramu 50 za kumwonyesha profesa. Marekani huuzuia uwanjani bila kibali cha idara yao ya kilimo. Maabara ya chuo inayotaka sampuli ndiyo inayopaswa kuwa na kibali hicho, na lebo zake hutumwa kwako kabla hujafunga kifurushi.